Bibi Aliyezikwa kwa Jina la Leonard

Mmenichosha. Kila nikitoka kanisani kuna mtu wa kunishika mkono: "Mama, tuelezee ile ya msalaba." Mkishaelezwa mnakwenda kutia pilipili zenu, mwisho nasikia eti Mama Euphrasie alimpiga mzungu kwa mbao. Hakumpiga mtu. Kalamu na mimi si marafiki, lakini nitaandika mara hii moja, na atakayeuliza tena nitampa karatasi asome mwenyewe.

Mama Euphrasie ni huyu huyu wetu wa Barking huku Ulaya, mtu wa Bukavu, aliyesafisha maofisi ya mjini hadi magoti yakakataa. Jina lake kamili ni Euphrasie M'Cirhuza, na hiyo M' usiimeze ukimtaja, maana ndiyo inayosema yeye ni binti wa Cirhuza. Shuleni hakukaa sana. Barua zikija, mjukuu wake Raïssa ndiye humsomea. Lakini jina lake analijua, hata liandikwe kwa mkaa ukutani.

Ilianza pale watu wa sinema walipokuja kanisani kutafuta wanawake wazee wa Kikongo. Sinema yenyewe ya kutisha: bibi wa kijijini anakufa, anazikwa, kisha anafufuka kuwala wajukuu. Kazi ya wanawake ilikuwa kulia msibani.

"Kulia najua," akasema Euphrasie. "Hiyo hata sifundishwi." Akaenda na wenzake.

Kijiji kilikuwa kimejengwa ndani ya msitu huko Essex. Mama yangu! Eti ni milima ya Kivu, nao wamesimamisha minazi ya plastiki. Mjane kavikwa shela ya bibi harusi. Jogoo anawika, simba anamjibu. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja akainuka aende kuwaambia wenye sinema. Euphrasie akamvuta kitenge.

"Kaa chini. Sinema ni yao, uongo ni wao. Wewe umeitiwa machozi."

Basi asiniambie mtu kwamba alikwenda kule kutafuta ugomvi.

Asubuhi alipita binti mmoja wa watu wa sinema, Keren, akiwauliza majina. Euphrasie akamtajia lake lote, akamwandikia kabisa kwa herufi kubwa. Keren akasema hajapata kusikia jina zuri kama hilo. Nani hapendi jina lake lisifiwe? Baadaye wakaketi mbele ya jeneza, wakalia vizuri sana. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma yao. Wao hawakuuona. Kamera iliuona.

Mchana ikawa zamu ya mazishi. Kwetu mbeba msalaba hutangulia mbele ya jeneza, na hilo, sijui kwa bahati gani, walilipatia. Wakamchagua Euphrasie kwa sababu ya mwendo wake. Akapokea msalaba, akaugeuza autazame.

EUPHRASIE M'CIRHUZA. Rangi nyeupe, bado inanuka.

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale njiani, akaulaza msalaba magotini, akafunika jina kwa kitenge chake.

Albert, mwanamume wa Goma aliyeajiriwa kuwatafsiria, akaja mbio. "Mama, simama, jua linatukimbia."

"Nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni mbao tu."

"Ni mbao tu? Basi futa, uandike jina la mama yako."

Albert akarudi nyuma hatua moja.

"Au lako. Herufi zake chache, hazitawachelewesha."

"Mama, usinitanie hivyo."

"Kumbe unajua."

Kwetu msalaba hauandikwi kwa mzaha. Jina likisimama kwenye mbao ile, watu wamekwisha kulia na shimo limekwisha chimbwa. Kumwandika aliye hai ni kuita kifo na kukionyesha mlango wake.

Keren akaja analia, maana ndiye aliyelipeleka jina liandikwe msalabani, akidhani anamheshimu. Euphrasie akampangusa machozi, akamwambia hana kinyongo naye, ila kusimama hasimami. Wakaulizwa wanawake wengine nani ataazima jina. Kila mmoja akaanza kutazama minazi.

Ndipo akaja mwenye sinema mwenyewe, Leonard, uso mwekundu kama nyanya. Akasema, Albert akatafsiri: asubuhi wamekwisha piga picha na jina lile, likibadilika sasa, watazamaji watacheka.

"Wacheke," akasema Euphrasie. "Mwambie bora wanicheke niko muzima."

"Anasema utarudishwa nyumbani."

"Nitarudi. Na hii mbao tunarudi nayo."

Leonard akabwaga kofia chini, akabwata maneno mawili matatu. Albert akamgeukia Mama. "Anasema... basi waandike la kwake."

"Amesema mwenyewe? Hakuna aliyemlazimisha?"

"Mwenyewe."

"Mmesikia," Euphrasie akawaambia wanawake. Akasimama.

Hivyo ndivyo bibi wa Kivu alivyozikwa kwa jina la LEONARD, na Euphrasie akautanguliza ule msalaba kwa heshima ambayo hata askofu angeitamani. Kabla ya kuondoka akawaapisha: lile jina la asubuhi waliondoe. Wakaapa litafutwa kwa kompyuta.

Halikufutwa. Sinema ilipotoka watu walivunjika mbavu. Wakakata kile kipande cha jeneza na msalaba, sura za waliaji hazimo, wakarushiana kwenye simu, na kipande kikafika Bukavu bila sinema yake. Euphrasie hana habari, akampigia mdogo wake Nsimire kumsalimu tu.

"Nani?"

"Mimi, Euphrasie."

"Euphrasie gani?"

"Wewe Nsimire, unao wangapi?"

Simu ikaanguka. Uani kwa Nsimire moto wa matanga ulikuwa umekwisha washwa, wanawake wamejaa mikekani, wanamlilia dada yao aliyefia Ulaya. Kuwatoa pale ilikuwa kazi. Yuko jirani ambaye mpaka leo anashikilia kwamba ile sauti ya simu ilitengenezwa.

Raïssa naye akakuta kwenye mtandao ukurasa wa watu wanaookota makosa ya sinema. Akamsomea bibi yake: minazi, simba, shela. Halafu hili: jina sahihi la marehemu ni Euphrasie M'Cirhuza, ila mazishini limeandikwa Leonard kwa makosa.

"Rudia hapo."

Raïssa akarudia, akaongeza kwa Kiingereza chake kwamba hao wanajichezea tu, Koko, ndivyo amwitavyo bibi yake, asijali.

"Wanajichezea? Wanasema maiti sahihi ni mimi! Leonard alijitoa mwenyewe, watu wakisikia. Pale hakuna kosa. Kosa ni lile la kwanza. Andika!"

Raïssa akaandika. Kesho yake mtu asiyejulikana akafuta, akarudisha yale yale, kama vile yeye ndiye aliyeuona mwili.

Sasa wewe uliyeitaka habari hii umeipata, na kicheko umecheka. Simu unayo. Ingia kwenye ukurasa ule uandike: Leonard ni sawa, Euphrasie ndiyo makosa, kwa kuwa Euphrasie M'Cirhuza yuko hai na anakaa Barking. Wakifuta, andika tena. Na M' usiisahau. Kabla hujaandika, Jumapili usinipe mkono.