Kushoto kwa nani? Kitabu changu cha kupanda miamba kilivyokaribia kuua watu wawili

Wakuu, habari za leo. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Uzi huu nimeukalia miaka mingi. Si chai. Nilikuwepo kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu.

Mimi ni mtu wa Makorora, Tanga. Nilikuwa mchora ramani kwenye shirika moja la mkonge. Ulipokuja ubinafsishaji shirika likauzwa, tukapunguzwa kazi. Waliopitia enzi zile wananielewa: jana una meza yako na rula zako, leo unakaa barazani unaitikia salamu za wapita njia.

Rafiki yangu alikuwa na ofisi kule Raskazone, ina kompyuta. Akaniruhusu niitumie asubuhi kabla wateja hawajaja. Mkono uliozoea kalamu ya wino ukaanza kupigana na mausi. Nikaweza.

Hapo ndipo nikakutana na Erik, mgeni aliyekuwa akifundisha fizikia shule moja upande wa Muheza. Mwisho wa wiki alikuwa anapanda miamba. Simaanishi kutembea mlimani. Namaanisha ukuta wa jiwe, kamba kiunoni. (Na mimi nilishangaa kama ninyi.)

Mwenyeji wake kule mlimani alikuwa dada mmoja Mbondei, Salome Mhando, mama wa watoto wawili. Alikuwa akikata kuni kwenye mlima ule tangu yuko darasa la pili. Hakuna jiwe asilolijua.

Erik alitaka kitabu cha njia za mwamba ule: kila njia inaanzia wapi, ngumu kiasi gani, ukifika juu unashukia wapi. Salome akanionyesha, mimi nikachora. Kikatoka kitabu kizuri cha karatasi kubwa.

Tatizo, karatasi kubwa mwambani ni mateso. Upepo unaipeperusha, jasho linailowesha.

Erik akarudi kutoka likizo na kompyuta ya mkononi. Siyo simu hizi za leo wakuu. Ilikuwa saizi ya kiganja, skrini ya kijivu, unaigusa kwa kijiti. Akaniambia, "Kitabu chote kitie humu."

Nikakitia. Maneno nikayaweka mbele, michoro haikutosha kukaa nayo, nikaisukuma nyuma. Kila kitu kiliingia. Nikajiona fundi.

Siku ya majaribio walipanda Erik na mwalimu mwenzake wa hesabu, Hiza. Mimi na Salome tulibaki chini. Nikaweka sharti mwenyewe: asiwaelekeze mtu, waongozwe na kitabu tu.

Walipanda vizuri, wakafika juu. Wakainamia ile skrini muda mrefu. Kisha wakaanza kwenda upande siyo.

Salome akaniuliza, "Kaka, wale wanaenda wapi?"

"Wanafuata kitabu."

"Basi kitabu kinawapeleka pabaya. Kule hakuna njia. Kuna hewa tu!"

Hapo ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeandika "shuka upande wa kushoto". Nilichora nikiwa nimesimama chini, nautazama mwamba. Wao walikuwa juu, wameupa mgongo. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwao.

Kwenye karatasi kosa hili halikuonekana, kwa sababu mshale wa kushukia kwenye mchoro ulikuwa pembeni ya maneno. Kwenye ile kompyuta mshale ulikuwa kurasa kadhaa nyuma, na jua lilikuwa limeifanya skrini kuwa nyeupe.

Tukapiga kelele. Upepo ukazila.

Wakateremka kwenye jiwe lenye utelezi wa kijani, wakateleza, wakaishia kwenye ukingo mwembamba kama benchi la shule. Chini yao hakuna kitu. Kupanda tena hawawezi. Kamba wanayo, lakini hapana pa kuifunga. Na mvua ikaanza kudondoka.

Salome hakungoja. Alibeba kamba ya akiba akapita njia yake ya kuni, mimi nyuma yake natambaa kama mtoto. Nikawa nasoma dua zote ninazozijua, na nyingine nusu nusu.

Tulipofika juu akalala kifudifudi, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Walimu, mmekaa?"

"Tumesimama!" Hiza akajibu.

"Kaeni. Msitazame chini, nitazameni mimi."

Akafunga kamba kwenye mti, akaiteremsha. Tukamvuta Hiza kwanza, halafu Erik. Viganja vyangu vilichunika, na sikusikia maumivu mpaka wote wawili walipokuwa wamelala kwenye majani wanahema.

Wakuu, kuna pumzi moja binadamu huivuta mara chache maishani. Niliivuta pale. Nikalia mbele za watu, sikuona haya.

Hiza akakaa, akasema alhamdulillahi, kisha akanigeukia: "Kushoto kwa nani, kaka?"



Wiki iliyofuata nilikwenda nyumbani kwa Salome na kitabu nikakianza upya. Yeye hakuwahi kugusa kompyuta, kwa hiyo nikampa kile kijiti. Kila alipokwama nilibadilisha mimi, sikumlaumu yeye.

Kila njia ikapata ukurasa wake, mchoro juu, maneno machache chini yake. Mistari ikawa minene. Tukaijaribu saa saba mchana uani, juani.

Na hilo la kushoto akalimaliza yeye. "Kwani hapo juu huoni kitu? Upande mmoja mashamba ya mkonge, upande mwingine mto. Andika: shuka upande wa mkonge. Mkonge hauhami."

Nikaandika hivyo. Miaka yote ya kuchora ramani, nikafundishwa na mkata kuni.

Erik na Hiza wakapanda tena. Safari hii sikukaa. Nilisimama nimeshika muhogo wa kuchoma mpaka ukapoa. Juu wakatazama skrini mara moja, wakageukia mkonge, wakashuka wanapiga soga.

Hiza alipofika chini akanipa mkono. "Leo kaka, nilisahau hata kama nimeshika kitabu."

Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa kazini.

Nililojifunza: kinachosomeka mezani si lazima kisomeke mahali mtu anapokihitaji. Simama kwanza aliposimama yeye, ndipo uandike. Na kazi yako mpe mtu asiyeijua kabisa, halafu wewe nyamaza utazame.

Walioko kwenye mambo ya app, ramani, hata maelekezo ya dawa: nani kawahi kuelekeza watu akawapoteza? Semeni bila aibu, mimi nimeshatangulia.