Milango mia ya Apiyo, na mmoja wa binti yake

Saa mbili asubuhi, Rosebella Apiyo anasimama nje ya mlango wa mabati huko Sarang'ombe, Kibera, na kukohoa. Habishi hodi. Kazi hii ameifanya miaka kumi na saba na anajua kwamba mlango wa mabati ukigongwa asubuhi, mwenye nyumba huwaza kodi kwanza. Kwa hiyo anakohoa mara mbili, kisha anaita jina la mtoto wa nyumba hiyo, si la mama.

Ndani yumo Kamene, mama wa miaka ishirini na miwili, amempakata mtoto wa miezi minne. Pembeni ameketi mama mkwe wake, aliyekuja kutoka Mwingi kumsaidia kulea. Apiyo anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anauliza wameamkaje, anausifu uji, na dakika kumi zinapita kabla hajagusia kliniki.

Mama mkwe anadakia kwamba mtoto apelekwe leo hii, hata yeye yuko tayari kumbeba. Kamene anamgeuzia Apiyo simu, amwonyeshe video ya mwanamume aliyevaa koti jeupe akidai kwamba chanjo huharibu damu ya watoto.

Miaka miwili iliyopita Apiyo angemwambia aizime. Leo anamwomba airudishe mwanzo. Anaitazama yote, anamuuliza Kamene ni sehemu gani iliyomtia hofu zaidi, halafu analiandika jibu kwenye daftari lake bila kubishana.

Subira hiyo hakuipata kwenye semina. Aliipata kwa binti yake mwenyewe, na ilimtoa jasho.

Apiyo, 56, ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Ana nyumba mia moja za kuzungukia, mashine ya kupima presha, na koti la kazi lililopauka mabegani. Hupata posho ya shilingi elfu tano kwa mwezi. Jumamosi huuza nguo za watoto za mitumba katika Soko la Toi, na siku ikiwa nzuri hurudi na shilingi mia nane. Hii si kazi ya kumtajirisha mtu, na yeye huicheka mapema kabla hujaanza kumwonea huruma.

"Wazee hawanisumbui," anasema. "Mzee ukimwambia sindano, anakunja shati. Shida yangu ni hawa wa simu."

Kwa nini wazee hawasumbui, jibu analo katika jina lake. Kwa Waluo, Apiyo ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na anayemfuata huitwa Adongo. Mtu wa kwao akilisikia jina lake humuuliza Adongo yuko wapi. Adongo alikufa kwa surua huko Siaya walipokuwa na miaka mitano. Waliugua pamoja, wakalazwa kwenye mkeka mmoja, akapona mmoja. Chanjo ilipofika kijijini miaka kadhaa baadaye, mama yao aliwapanga wadogo zao foleni kabla muuguzi hajafungua sanduku.

"Sisi hatukuwa tunauliza maswali," anasema Apiyo. "Tulikuwa tumeona kaburi. Sasa utauliza nini?"

Kitinda mimba wake, Adhis, 24, hajaona kaburi la surua. Anaishi Kawangware, upande unaopakana na Riruta, na mumewe Kiarie. Ana kibanda cha kupaka kucha rangi, na wateja humsifu kwa mkono wake mtulivu. Wana mtoto mmoja, Tracy.

Kampeni ya chanjo ya surua ilipofika mwaka jana, Tracy alikuwa na miezi kumi na minne. Apiyo alijua mjukuu wake hajapata sindano ya miezi tisa, maana kila alipouliza, Adhis alianza kuzungumzia hali ya hewa. Ilikuwa aibu kubwa. Mchana Apiyo alikuwa akiwahubiria wenye nyumba mia moja, jioni hakuwa na neno la kumwambia mmoja.

Katika kampeni hiyo, kila mtoto aliyedungwa alipakwa wino mweusi kwenye kucha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili wahudumu wanaopita nyumba kwa nyumba wajue nani amebaki. Siku ya tatu, Jumanne, Adhis alimleta Tracy kwa nyanyake kama kawaida, ili aende mjini kununua rangi za kazi. Alimwinua mkono mtoto akamwonyesha Apiyo. Kucha ilikuwa nyeusi.

Apiyo anasema alifurahi sana. Alimnunulia mjukuu andazi.

Furaha ilidumu mpaka saa ya kumwogesha Tracy. Apiyo alikishika kile kidole akakitazama vizuri, na kilichomshtua ni usafi. Wino wa kampeni hupakwa mbiombio na mtu aliyezungukwa na watoto wanaolia. Huvuka kucha ukamwagikia ngozi, na mara nyingine humfikia hata mama. Huu ulikuwa umeishia sawasawa kwenye ukingo wa kucha, umepakwa mara mbili, na juu yake umetiwa kile kipako cha kung'arisha.

"Huyu msichana wangu anajua kazi," anasema Apiyo, sasa akicheka. "Angechafua kidogo tu, angeniweza."

Siku ile hakucheka. Kituo cha chanjo kilikuwa katika ukumbi wa kanisa, karibu sana na nyumba yake, na aliyeshika sindano alikuwa Wabwire, muuguzi ambaye wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Apiyo alimfunga Tracy mgongoni akaenda akasimama kwenye foleni. Wabwire alimpungia mkono asogee mbele. Walibaki watu wawili tu kabla yake.

Mbele ya macho yake jambo lilikuwa rahisi. Mtoto adungwe, kelele zije baadaye, na kelele haziui. Hata hivyo, zamu yake ilipokaribia, alitoka kwenye foleni na kurudi nyumbani.

"Nilijiambia, nikimdunga huyu kwa wizi, nitaenda kwa mlango wa nani tena? Mimi ndio huwaambia watu hakuna mtoto anadungwa kama mamake hajakubali. Nikarudi. Nilikuwa natembea nikilia, na mtoto anakula andazi."

Jioni alimkabidhi Adhis mtoto wake bila kusema kitu. Anakiri kwamba lilikuwa kosa. Alikuwa na hasira, na aliogopa kwamba akifungua mdomo atasema yasiyorudishika.

Siku tano baadaye Adhis alipiga simu. Mtoto wa nyumba ya tatu kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga alikuwa amepelekwa hospitali na homa na vipele, na walikuwa wameambiwa ni surua. Mtoto huyo na Tracy walikuwa wakicheza kwenye korido moja.

Apiyo aliondoka Kibera bila kufunga mlango wake. Njiani alipanga maneno makali, na anasema alikuwa na ya kutosha kujaza gunia. Alipofika Kawangware alimkuta binti yake amempakata Tracy, anamfuta ile kucha kwa asetoni, na ile mikono inayosifiwa kwa utulivu imekichafua kidole kizima kwa rangi. Maneno yote yakamtoka kichwani. Aliketi kando yake akamuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza: nini kilifanyika.

Adhis alimweleza. Baada ya sindano ya wiki kumi, paja la Tracy lilivimba likawa moto, na mtoto akalia siku mbili. Adhis alirudi kwenye ile kliniki ya mtaani alikodungiwa Tracy. Aliyekuwa mezani alimjibu bila kuinua macho kwamba watoto wote huvimba, na kwamba akina mama wa siku hizi wana kelele nyingi. Hakuligusa lile paja. Adhis alitoka nje na mtoto wake, na hakurudi tena.

"Mum hakuwahi niuliza why," Adhis anasema tulipomtembelea kibandani kwake. "Yeye ilikuwa tu, 'peleka mtoto, peleka mtoto.' Na kule kliniki nilifukuzwa kama mtoi, kama mtoto mdogo. Sasa ningeuliza nani? Nikauliza simu. Simu haichoki na wewe."

Alasiri hiyo hiyo walikwenda wote watatu kwa Wabwire. Adhis alikuwa na maswali kumi na moja aliyoyahifadhi kwenye simu. Wabwire alimaliza foleni yake, akavuta benchi, akaketi mbele yake na kuyajibu moja baada ya jingine. Kuna nini ndani ya ile chupa. Je, ni kweli humzuia msichana kuzaa baadaye. Kwa nini sindano ziwe mbili na si moja. Ilichukua karibu saa nzima, na Apiyo anasema alijibana ulimi hadi ukamuuma.

Swali la nane ndilo lililomtoa Apiyo jasho. Adhis aliuliza kwa nini paja la Tracy lilivimba vile, na la mtoto wa jirani aliyedungwa siku ile ile halikuvimba.

"Watoto wengine huvimba, na huwa inashuka," alijibu Wabwire. "Lakini kwa nini wako na si wa jirani, hiyo sijui."

Apiyo alidhani mambo yameharibika. Kwao, daktari akisema hajui, watu huanza kuulizana bei ya jeneza. Alimtazama binti yake akitarajia ainuke aondoke. Adhis hakuinuka. Aliyamaliza maswali matatu yaliyobaki, akaizima simu, akamkunja Tracy mkono wa gauni yeye mwenyewe.

"Hapo kwa 'sijui' ndio nilimwamini," anaeleza Adhis. "Wale wa video wanajua kila kitu. Huyu alisema moja hajui, nikajua zile kumi anazijua."

Wabwire hakuwaficha kwamba huenda wamechelewa. Ikiwa ugonjwa ulishaingia mwilini, sindano ingeweza isiuzuie, na ingewabidi kumwangalia Tracy wiki tatu. Aliwaambia pia kwamba kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili mtoto anaweza kupata homa kutokana na chanjo yenyewe, kisha akampa Adhis namba yake ya simu.

Homa ilikuja siku ya tisa. Adhis alimpigia Wabwire, si mama yake. Wabwire alimuuliza kuhusu macho, kikohozi na vipele, akamwambia aende naye kituoni, na huko akampima Tracy na kumwangalia mdomoni. Haikuwa surua. Apiyo aliambiwa kesho yake, homa ikiwa imeshashuka.

"Nilisikia wivu kidogo," anasema. "Halafu nikasikia raha. Mtoto wangu amepata daktari wake, hanihitaji hapo katikati."

Wiki tatu zikaisha bila kipele hata kimoja. Mtoto wa nyumba ya tatu naye akapona, akarudi kucheza kwenye ile korido. Apiyo anasema siku Wabwire aliposema sasa wapumue, alilala mchana kutwa kama mtu aliyetoka safari ya mbali, na Tracy akamlalia kifuani.

Tangu hapo ameibadili kazi yake. Kila Alhamisi alasiri yeye na Wabwire huketi kwenye ukumbi wa kanisa na akina mama wenye maswali, na sheria ni moja, kwamba siku hiyo sindano haitolewi hata ukiiomba. Katika nyumba zake mia, kumi na nne zilikuwa zimekataa chanjo kabisa. Tisa zimekwishapeleka watoto, na Kamene ameahidi kuja na video yake Alhamisi hii. Tracy amepata sindano yake ya miezi kumi na minane, na Adhis ndiye aliyeikumbuka tarehe.

Kukaa na vijana wanaouliza kumemwachia Apiyo jambo ambalo hakulitarajia. Mwaka 2004, akiwa na Adhis mdogo, alifanyiwa upasuaji wa tumbo katika hospitali moja ambayo hapendi kuitaja. Alilazwa siku sita, akapewa karatasi ya kuruhusiwa, akashukuru, akaenda nyumbani. Hakuna aliyemweleza walichokikuta wala walichokiondoa, na yeye hakuuliza. Hakupata mtoto mwingine. Miaka yote hii amesema ni mapenzi ya Mungu.

Karatasi ile bado anayo. Amekwishamwonyesha Wabwire, ambaye amemsaidia kupata miadi na daktari atakayeitafuta faili yake na kuisoma. Ni Jumatatu ijayo. Adhis atafunga kibanda siku hiyo ili aende naye, na amemwekea maswali manne kwenye simu.

"Sina ubaya na wao, na si kwamba naumwa," anasema Apiyo akilisawazisha koti lake kabla ya kwenda kukohoa kwenye mlango mwingine. "Nataka tu kujua ni nini yangu walichukua. Akiniambia hajui, pia ni sawa. Lakini nitakuwa nimeuliza."