Mbwa wa Damu ya Ubelgiji Kwenye Harusi ya Mdogo Wangu

Wakati wa Wajerumani, kabla vita vyao na Waingereza havijafika kwetu, nililea mbwa kwenye shamba moja la mkonge njia ya Kingolwira. Mume wangu alikuwa amefuata kazi ya reli kuelekea Tabora, hakurudi wala hakutuma salamu. Binamu yangu, aliyekuwa mpishi wa bwana wa shamba, akaniambia bwana anatafuta mtu asiyeogopa mbwa. Mimi sikuwaogopa. Tangu utotoni nilifukuza nguruwe mahindini pamoja na mbwa wa mjomba, nikadhani kazi ni ileile.

Mbwa wa mjomba walilala majivuni na kula walichookota. Hawa walilala juu ya mbao na kupikiwa uji wenye nyama. Walikuwa majike wawili na dume mmoja, wote wa aina ya Ulaya iitwayo malinwa: miili myembamba ya rangi ya udongo wa mfinyanzi, nyuso nyeusi kana kwamba wamechungulia ndani ya chungu chenye masizi. Jike wa kwanza alizaliwa Ubelgiji, kwa wachunga kondoo. Wa pili alitoka Uholanzi, kwenye ukoo uliozalishwa kwa ajili ya polisi. Kila kizazi walimchagua yule anayeuma na asiachie. Bwana alitaka kujua damu ipi itafaa nchi hii yenye joto na kupe, basi akawapandisha wote wawili kwa dume yule mmoja.

"Baba mmoja, mama wawili," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Watoto wakiwa mbalimbali, wewe jua ni mama."

Jirani yake, mzungu mwenzake aliyekuja Jumapili, alimcheka. Yeye alishikilia kwamba mbwa humfuata baba. Walibishania habari hiyo barazani, nami nikikoroga uji uani. Kwetu Uluguru mtoto huulizwa kwanza ukoo wa mama yake, kwa hiyo moyoni nilikuwa upande wa bwana, tena nilijisikia vizuri kuwa upande wake. Naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Watoto walipozaliwa, nilikuwa mimi niliyewatoa kupe, mimi niliyewapa maziwa ya mbuzi wale waliozidiwa kwenye chuchu. Bwana aliwajaribu. Aligonga debe nyuma yao. Wale wa mama wa Uholanzi waliliruka debe na kuling'ata. Wale wa mama wa Ubelgiji walikimbia, kisha wakarudi mmoja mmoja, wakalinusa, wakanitazama mimi kama wanauliza. Mmoja wao, jike aliyekuwa na sikio moja lililolala, hakuachana na miguu yangu. Nikienda kisimani, yupo. Bwana alitikisa kichwa, akasema huyo ana moyo laini, hatafaa.

Maana ya kufaa nilikuja kuiona asubuhi moja. Mfanyakazi mmoja alikuwa ametoroka kabla ya kumaliza kipande chake, ile kadi ya siku thelathini za kazi. Bwana na msimamizi walimchukua yule jike wa Uholanzi, wakarudi jua likiwa utosini. Yule mtu alitembea mbele yao, shavu la mguu limefungwa kwa shati lake mwenyewe. Nikaambiwa nimwoshe mbwa mdomo. Nikachota maji, nikamwosha. Niliyatazama maji yakigeuka rangi ndani ya karai. Mtu yule sikumtazama usoni.

Kwetu, juu ya Mlali, habari zilikuwa zimeshapanda mlima kabla yangu. Nikifika, mama alinipa bakuli langu peke yangu, na nikishamaliza kula alilisugua kwa udongo, kisha kwa maji, akirudia mpaka mara ya saba, kama vinavyooshwa vyombo vilivyorambwa na mbwa. Hakunisema kitu. Watoto wa jirani ndio waliosema. Waliniita Mama Mbwa.

Mdogo wangu wa kike akapata mchumba, kijana wa watu wanaoswali, waungwana. Siku ya harusi nilioga mara mbili, nikajifukiza udi hadi macho yakaniwasha. Nguo nilizofanyia kazi niliziacha shambani. Niliondoka alfajiri, nikahakikisha mlango wa banda la mbwa umefungwa.

Ndoa ilikuwa imeshafungwa. Wageni wa upande wa bwana harusi wamekaa kwenye mikeka, masinia ya ubwabwa na nyama ya mbuzi yametengwa mbele yao, wanawake tunapiga vigelegele. Mara nikasikia ukelele kule kwenye migomba. Watu wakainuka. Akatokea yule jike wa sikio lililolala, ulimi nje, miguu imejaa tope. Alikuwa amefukua chini ya banda, amefuata harufu yangu kutoka bondeni hadi pale. Alikatisha juu ya mikeka, akatia mdomo kwenye sinia la wazee, akalamba, kisha akaniona. Alinijia mkia ukienda kama ufagio, akaegemeza ubavu wake kwenye kanga yangu mpya.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amejifunika. Nilimwona akiushika mwimo wa mlango.

Ndipo vijana walipookota mawe. Nilijua mbwa wa bwana akivunjwa mguu, kuna mgongo wa mtu utakaolipa kwa viboko. Na ukweli mwingine ni kwamba nilimwonea huruma. Nikapaza sauti, "Plats!" Hilo ndilo neno la Kijerumani la kumlaza mbwa chini, nami nililitamka kama bwana, kwa ukali uleule. Mbwa akalala papo hapo.

Kwenye mkeka wa mbele mtu mzima wa kanzu nyeupe alikuwa amejikunja, ameukumbatia mguu wake kwa mikono miwili. Alikuwa kaka mkubwa wa bwana harusi. Alipoinua kichwa, jasho lilimtiririka.

"Neno hilo nalijua," alisema. "Lilisemwa mbwa akiwa bado amening'ang'ania." Akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyemwosha mdomo."

Nilitaka kusema nilitumwa. Nilitaka kusema huyu wa leo ni wa mama mwingine, damu yake ni ya wachunga kondoo, haumi. Maneno hayo yalinijia kabisa mpaka kwenye ulimi, na nilipoyasikia jinsi yalivyo nikayameza. Niliifunga shingo ya mbwa kwa upindo wa kanga yangu, nikaondoka naye mbele ya wageni wote. Nyuma yangu nilimsikia mama akiwaomba majirani mchele wa kupika upya.

Shambani bwana alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Aliniuliza njia niliyopita, mito niliyovuka, saa niliyoondoka. "Harufu ya asubuhi, mlima wote!" alisema, akampigapiga mbwa kifuani. "Hakuna aliyemfundisha! Hii ni damu ya Ubelgiji!" Akamwita jirani aje asikie. Wakaamua jike huyo apandishwe akikomaa, ili wapate watoto wenye pua yake na meno ya wale wa Uholanzi. Mimi nikapewa doti ya kitambaa cha dukani, kwa kuwa, alisema, nimemlea vizuri.

Kitambaa nilikiacha juu ya mtungi. Asubuhi iliyofuata nilipika uji wa mwisho, nikawagawia, nikapanda kwetu bila kuaga. Yule jike nilimsikia akilia bandani hadi nilipovuka reli.

Mdogo wangu hakuachwa, Mungu ni mwema. Ila kwa miaka mingi sikukanyaga nyumba ya wakwe zake. Walipokuja kwetu nilikwenda kulima shamba letu. Watoto wake walinifahamu kwa mboga nilizowatumia.

Vita vilipokwisha, Wajerumani wakiwa wameondoka, nilikutana na yule kaka wa bwana harusi sokoni Morogoro. Nilikuwa nimeketi na mafungu yangu ya maharage. Alisimama mbele yangu, nami nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba." Alichagua fungu, akaligeuza geuza. Akauliza, "Yule wa sikio yuko wapi?"

"Sijui, kaka. Sikurudi tena."

"Alipata watoto?"

"Sijui."

Akaitika kwa kichwa. Nilimwongezea fungu la pili juu ya lile alilolinunua. Lile la nyongeza alilirudisha mahali pake taratibu, akalipanga vizuri pamoja na mengine, akaenda zake akichechemea kidogo. Nilikaa pale hadi soko likavunjika, sikuweza kumwita mteja.