Ng' Haikatwi

Miaka hiyo nilikuwa mchapaji katika duka la vifaa vya ofisi pale Suna, Migori. Wateja wetu wengi walikuja na misiba. Waliniletea historia ya marehemu iliyoandikwa kwa mkono, kwa Dholuo, lugha ya kwetu, nami nikaichapa, nikaipanga pamoja na picha na nyimbo, tukatoa vitabu vidogo vya mazishi. Kompyuta yetu ilitumia programu huria, ile ambayo unaipakua bure, na walioitengeneza wameiacha wazi kwa yeyote anayetaka kuona ndani. Mimi sikuwahi kutaka kuona ndani. Nilitaka ichape tu.

Ijumaa moja mchana, mjane kutoka Sori alirudi na kitabu nilichomchapia asubuhi. Alikiweka mezani, akafungua ukurasa wa kwanza, akaonyesha kwa kidole. Jina la mumewe lilikuwa na ng' katikati, kama majina mengi ya kwetu. Programu ilikuwa imefika mwisho wa mstari, ikaiona ritifaa, kile kialama cha juu baada ya ng, ikadhani neno limeisha hapo. Nusu ya jina ilibaki juu, nusu ikashuka mstari wa chini.

"Mmemkata," alisema.

Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayetaja jambo lililotokea, na hilo lilinichoma zaidi. Nilimwomba msamaha, nikapunguza ukubwa wa herufi kidogo mpaka jina likaingia lote katika mstari mmoja, nikamchapia vitabu upya. Alivikagua kimoja kimoja kabla ya kuondoka. Alipokwenda, niligundua kwamba nimekuwa nikifanya ujanja ule kwa miaka, napunguza hapa, napanua pale, bila kujiuliza kwa nini.

Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu kutoka Mombasa, aliyefika Migori kabla sijazaliwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba wateja walirekebisha chao wakiongea naye. Nilimweleza shida. Akaniuliza programu hiyo imetengenezwa na nani. Nikasema sijui, watu wa mbali. Akasema kama ni watu, basi waandikiwe.

Jumatatu, kabla wateja hawajaanza kuingia, nilitafuta pa kuandika. Chini ya ukurasa wa msaada palikuwa na anwani moja ya barua pepe. Nilidhani ni ya ofisi. Kumbe ilikuwa orodha: barua ukiituma pale inawafikia wote waliojiandikisha, mamia ya watu katika nchi mbalimbali, na jibu la mmoja linasomwa na wote. Bila kujua hayo, niliandika kwa Kiingereza changu cha shule, nikaambatisha picha ya neno ng'ombe likiwa limekatika vipande viwili mwishoni mwa mstari.

Jibu la kwanza lilikuja baada ya saa moja, nalo lilikuwa kali. Mtu fulani aliniambia kwamba pale hawatumi picha, na kwamba sikutaja ninatumia toleo gani. Nilikaribia kuifunga ile barua nisirudi tena. Kisha likaja la pili, la mwanamke nisiyemjua. Alisema picha ni kosa dogo, tatizo ni la kweli. "Nimejaribu hapa kwangu," aliandika, "na kwangu pia ng'ombe amekatika."

Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi. Mahali nisipopajua, mtu aliyekuwa na kazi zake alikuwa ameacha kila kitu akachapa ng'ombe, ili aone ninachokiona mimi. Kufikia alasiri, barua zilikuwa tisa.

Nikisubiri, niliingia kwenye kumbukumbu za orodha. Kila barua iliyowahi kutumwa ilikuwa imehifadhiwa, tangu nilipokuwa shule ya msingi. Nilisoma watu wawili wakibishana wiki tatu nzima juu ya nafasi inayofuata nukta. Nikamtafuta aliyeandika sehemu inayoamua mstari ukatike wapi. Barua zake zilikuwa nyingi, za upole, zenye utani mdogo mwishoni. Halafu nikakuta barua ya binti yake. Alisema baba yake amefariki, na akauliza jinsi ya kuiondoa anwani yake kwenye orodha ili barua zisiendelee kumjia. Chini yake walifuatana watu wa kila bara wakitoa pole, na wengi hawakuwahi kumwona. Hakuna aliyebadilisha kazi yake. Ilikuwa bado inapanga mistari katika kompyuta yangu asubuhi hiyo, pamoja na mistari ya marehemu wetu. Mimi niliyekuwa nikichapa misiba kutwa, sikutarajia kukuta matanga ndani ya programu.

Mjadala ulipoendelea, mmoja alisema dawa ipo: kuna alama nyingine inayofanana na ritifaa lakini inahesabiwa kuwa herufi, kwa hiyo sisi watumiaji tuichape hiyo. Wengine wakamuunga mkono. Nilihisi kuna kosa ila sikujua nianzie wapi, nikampelekea mzee. Alinisikiliza huku akipiga vitabu pini.

"Mtoto wa darasa la kwanza," aliuliza, "neno ng'ombe analiandika kwa alama gani?"

Nikamwambia ni hiyo hiyo ya kawaida, na kwenye kibodi zetu hiyo nyingine haipo.

"Basi waandikie hivyo hivyo."

Niliandika hivyo hivyo, mistari mitatu, nikatuma. Siku mbili hakuna aliyejibu. Siku ya tatu akaandika mtu aliyeachiwa kuitunza kazi ya yule marehemu aliyetengeneza sehemu ya mistari. Alisema niko sahihi, programu ndiyo ijifunze. Lakini yeye hajawahi kuisikia sauti hiyo. Aliomba maneno yenye ng' mwanzoni, katikati na mwishoni, na kama naweza, nimrekodie yanavyotamkwa.

Nilimpigia dada yangu mkubwa, anayefundisha madarasa ya chini Magunga. Alifungua vitabu vya watoto akanisomea kwenye simu: ng'ato, ang'o, ng'eny, dhiang'. Hilo la mwisho ndilo lililokuja kuwasumbua, kwa sababu mtu akilinukuu, ritifaa yake inakutana na alama ya kufunga usemi, na mashine haijui ipi ni ipi. Mzee naye aliongeza king'ong'o, akasisitiza liwekwe, maana lina ng' mbili. Nikatoka nyuma ya duka, mbali na kelele za mashine ya fotokopi, nikayatamka yote polepole kwenye simu yangu.

Baada ya siku chache yule bwana alituma sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, nzito, na aliyatamka maneno yetu moja moja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mzee aliniomba nirudie, nikarudia.

"Amejitahidi," alisema, akarudi kwenye pini zake. Nilimwona akitabasamu.

Marekebisho yalipotoka yalikuwa mistari kumi na minne. Jina langu liliandikwa chini yake, pamoja na la dada yangu na la mzee, kwa kuwa nilikuwa nimeeleza maneno yametoka kwa nani. Lakini kilichonishangaza zaidi kilikuwa kingine. Maneno yetu yaliwekwa kwenye majaribio. Yaani kila mtu, popote alipo, akibadilisha chochote katika programu ile, mashine kwanza huyapanga maneno hayo mwishoni mwa mistari na kuangalia kama yako mazima. Moja likikatika, badiliko linakataliwa. Nilimuuliza yule bwana hilo hufanyika mara ngapi kwa siku. Akajibu kwamba hajawahi kuhesabu, ila ni mara nyingi.

Nilisimama mlangoni nikitazama barabara. Bodaboda zilikuwa zikipita, na mama mmoja alikuwa akimwaga maji mbele ya kibanda chake ili vumbi litulie. Nilifikiria kwamba wakati huo huo, katika chumba ambamo hakuna hata mtu mmoja anayejua Dholuo, kuna mashine inayohakikisha dhiang' hajakatwa. Nilitamani kumwambia yule mama, lakini sikujua ningeanzaje.

Siku hizi ninafanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja Homa Bay. Kwenye orodha bado nimo, mara nyingi nasoma tu. Mwaka jana iliingia barua kutoka visiwa vya mbali, katika bahari ambayo nimeiona kwenye ramani pekee. Lugha yao ina sauti inayoandikwa kwa ritifaa, na maneno yao pia yalikuwa yakikatwa. Baada ya kupakua toleo jipya waliyakuta mazima. Mwandishi alitafuta sababu mpaka akaifikia orodha yetu ya maneno. Sasa aliuliza: maneno haya ni ya nani, na yana maana gani?

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Nilijibu mbele ya wote kwamba ni ya watu wa kando ya Ziwa Victoria, isipokuwa king'ong'o, lililotoka Mombasa. Nikaeleza kwamba ng'ato ni mtu, ang'o ni nini, ng'eny ni wingi, dhiang' ni ng'ombe. Kesho yake alituma maneno matano ya kwao na maana zake. Niliyasoma kwa sauti ya chini pale maktabani, nikijua kwamba nayakosea, kisha nikamwonyesha mahali pa kuyaongeza kwenye majaribio.