Ndege Isiyo na Namba Kijijini Kwetu

Nilipokuwa mtendaji wa kijiji, huku kati ya Kharumwa na Bulyanhulu, nilikuwa na kitabu cha wageni na nilikuwa mkali nacho kweli. Mgeni akiingia, anasaini kwanza: jina, anakotoka, shughuli iliyomleta. Nilimsainisha mkubwa mmoja wa wilaya aliyekuja kuzindua darasa, akiwa amechelewa na amenuna. Mnunuzi wa dhahabu aliyejifanya hajui kuandika nilimshikisha kalamu, mwisho akatoa mwandiko mzuri kuliko wangu. Watu walinitania kwamba hata mvua ikija itabidi ipitie ofisini. Sikujali. Nyumba inayoingiwa na kila mtu bila hodi, mwenyewe yuko wapi?

Kiangazi kimoja, saa nne asubuhi, mfugaji jirani yangu alikuja ofisini akihema. Ng'ombe wake walikuwa wakila majani kwenye kiwanja cha ndege cha changarawe, kilichoachwa zamani na watafiti wa madini. Ndege ilikuwa imetua hapo na kuwatawanya.

"Mtendaji, ndege yenyewe haina namba. Bendera haina. Na watu wake wamevaa kiraia, lakini wanatembea kijeshi."

Alikuwa amepitia mgambo, kwa hiyo alijua anachosema. Nikachukua kitabu, kalamu na muhuri, nikapanda bodaboda.

Niliwakuta wageni kama wanane, watu wa mbali, kaptura na buti, wakijaza mafuta kutoka kwenye mapipa yaliyoletwa na lori. Pamoja nao alikuwepo mwenzetu mmoja, Mtanzania, shati limepigwa pasi. Hakusema anatoka ofisi gani. Nikasalimia, nikaeleza shida yangu: wasaini.

Mgeni mmoja mwenye mvi alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akatabasamu, akaishika kalamu. Nadhani angeandika. Aliyemnyang'anya kalamu ni huyu wa kwetu.

"Mama, hawa ni wageni wa utafiti wa maji," akasema. Akaandika hivyo yeye mwenyewe, akanirudishia kitabu. "Gonga muhuri."

Nikamuuliza ndege inaelekea wapi. Alinitazama kwa upole tu, kisha akaniuliza watoto wangu wanasoma shule gani.

Nikagonga muhuri.

Shuleni tulifundishwa kwamba nchi yetu haifungamani na upande wowote, na niliipenda ile sentensi, ilinifanya nitembee kifua mbele. Nilidhani ni kazi ya mawaziri, wanaifanya huko kwenye mikutano yao. Kumbe asubuhi ile ilikuwa mikononi mwangu, na mimi mwenye mdomo kama chiriku nikaufyata. Mahali fulani kuna watu ambao ndege ile iliwaendea. Hawajawahi kutukosea, hata jina la kijiji chetu hawalijui, na sisi tuliwapa nafasi ya kutua waliokuwa wakiwafuata. Mpaka leo sijui watu hao ni akina nani. Ninaona aibu, na aibu yenyewe haipungui kwa sababu sijawaona.

Ndege zilirudi mara mbili zaidi, kisha kimya. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji watu wakaja juu. Walisema ni haki yao kujua nani anatua kwenye ardhi yao, na walikuwa sahihi. Nikafungua kitabu, nikawasomea kilichoandikwa: wageni wa utafiti wa maji. Wanawake wakapiga vigelegele. Maji yetu tunachota lamboni, humo humo wanamokunywa ng'ombe, kwa hiyo unaweza kuelewa.

Bibi mmoja mjane, jirani yangu, alianza kuchimba mfereji wa bomba kutoka barabarani hadi mlangoni pake. Alichimba kidogo kidogo, kila asubuhi, hata baada ya mimi kuacha kazi. Kila akiniona aliuliza, "Ng'wana wane, mwanangu, wenzako wa maji wanarudi lini?" Nami nikimjibu, "Wako njiani, bibi."

Mwaka jana nilishindwa. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji wake nikamweleza yote: ndege, kalamu, muhuri, swali la watoto.

"Muhuri uligonga kwa woga, nakuelewa. Hata mimi ningegonga," akasema. "Lakini kwenye mkutano yule bwana hakuwepo. Kutusomea ulitumwa na nani?"

Akanikabidhi jembe, akaingia ndani. Niliufukia ule mfereji peke yangu mpaka jua likawa la utosi, na hakutoka.