Kikombe Kisichoonjwa

Kwetu Kamembe, anayekupa kinywaji huonja kwanza. Humimina, hunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo hukupa kikombe. Haelezwi mtu kwa nini. Mtoto hukua akiona hivyo. Mimi niliichukua desturi hiyo nikaifanya ushahidi, nikamhukumu nayo mwanamke asiye na kosa.

Alikuwa jirani yetu, mjane aliyeuza urwagwa, pombe ya ndizi, uani kwake. Mimi nilizaliwa na kusoma Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, mpaka diploma ya sekondari, na familia yetu iliporudi Rwanda nilipata kazi ya kuandika karatasi za forodha mpakani. Kila jioni nilipitia kwake. Kisha akaokoka. Aliendelea kuuza, maana hakuwa na kazi nyingine, lakini yeye mwenyewe hakugusa tena pombe, kwa hiyo hakuonja. Sote tulilijua hilo.

"Maman, Yesu amekukataza kuonja ao amekukataza kutupenda?" nilimtania.

"Amenikataza kulewa na bajinga kama weye. Kunywa, unyamaze."

Tulicheka. Nilikunywa bila wasiwasi.

Vita vilipoanza ng'ambo, daraja la mpakani likawa linafungwa na kufunguliwa. Safari moja nilikwama Bukavu wiki kadhaa, mke wangu akiwa nyumbani Kamembe, nikakaa kwa mwanamke mmoja. Siwezi kusema vita ndivyo vilivyonisukuma kitandani mwake. Nilikwenda kwa miguu yangu, na daraja lilipofunguliwa nilirudi kwake mara nyingi.

Dalili zilikuja baada ya miaka. Kwanza nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, kisha jingine. Asubuhi shuka ililowa jasho. Halafu ulizuka mkanda wa jeshi, malengelenge yaliyotoka mgongoni yakazunguka ubavu mmoja hadi kifuani, yakiniunguza hata nikashindwa kuvaa shati. Ulimi ukafunikwa na utando mweupe. Nilikuwa nimezika wenzangu wawili wa ofisini waliokonda vivyo hivyo, na jina la ugonjwa nililisoma ukutani kila nilipopita zahanati. Nilijua. Lakini mtu anayeogopa hutafuta jina jingine, na mimi nililipata upesi: sumu.

Nilikwenda Gikundamvura kwa mganga anayetapisha watu waliolishwa sumu. Alininywesha majani machungu siku tatu, akachungulia nilichotapika, akauliza, "Nani alikupa kinywaji bila kuonja?"

Nilimjibu kabla hajamaliza swali.

Nyumbani nikaeneza habari. Benchi za mjane zikabaki karibu tupu, na hata waumini wenzake wakawa hawanywi maji kwake. Siku moja alisimama mlangoni petu.

"Papa, ni miye njo nilikupa sumu?"

Niliangalia viatu vyangu mpaka akaondoka.

Mke wangu alikuwa amesikia. "Papa, twende tupime damu."

"Sumu haipimwi hospitali."

"Kama iko sumu, unaogopa nini? Damu itakosa ugonjwa, na utakuwa na haki mbele ya bantu bote. Lakini kama haiko sumu, miye pia niko ndani."

Nilimfokea. Alikuwa mzima bado, amenenepa, akilima shamba lake mwenyewe. Miezi minane alirudia ombi hilo, na miezi minane nilikataa. Katika miezi hiyo niliendelea kumwendea kama mume. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikubali siku niliposhindwa kumeza hata uji. Mke wangu aliweka viatu vyangu mlangoni, akavaa vyake. Muuguzi alitueleza taratibu, akatutoa damu sote wawili, akatuambia turudi baada ya wiki. Tuliporudi, majibu yangu hayakunishangaza. Yake yalikuwa kama yangu.

"Na kama angekuja miezi minane iliyopita?" nilimwuliza muuguzi. "Angekuwa mzima?"

"Papa, damu haiandiki tarehe. Pengine ndiyo. Pengine hapana."

Mke wangu aliomba glasi ya maji. Tulipotoka akasema, "Anza na jirani."

Nilikwenda Jumapili, wateja wachache waliobaki wakisikia. Nilisema nina ukimwi, nimeuleta mwenyewe kutoka ng'ambo, na mama huyu hajanitendea ubaya wowote. Mjane hakusimama. "Nimesikia," alisema, akaendelea kuosha vikombe.

Wakati ule dawa za kupunguza makali hazikuwa zimetufikia watu kama sisi; mimi nilitibiwa ule utando wa mdomoni tu, nikaweza tena kumeza. Mke wangu aliishi karibu miaka miwili. Dawa zilikuja baadaye, zikanikuta mimi.

Kabla ya hapo, mke wangu alipolala kitandani asiweze kuinuka, mjane alianza kuja kila asubuhi na sufuria la uji wa mtama. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alikaa kando ya kitanda, akachota kijiko cha kwanza, akanigeukia mpaka tukaangaliana, akakimeza yeye. Ndipo akamlisha mke wangu.

Sikuwa nimemwomba afanye hivyo. Mke wangu naye alimwambia, "Acha, Maman, mbona unajisumbua?" Hakuacha. Kila asubuhi nilikaa kwenye kiti changu nikamtazama akimeza kijiko kile cha kwanza, hadi asubuhi alipokuja na sufuria lake na hapakuwa tena na wa kulishwa.