Nilisema Kopa

Nakumbuka siku moja nilitamka neno ambalo hadi leo natamani ningelimeza. Ni neno fupi, mwanangu, wala si tusi. Nilisema: "Kopa."

Ilikuwa Kilwa Masoko, barazani kwa Mzee Athumani, mstaafu wa forodha aliyetufundisha mchezo wa karata uitwao briji. Mimi nilitoka Mitole, mwenzangu Hamisi alitoka Kiranjeranje, na sote tulikuwa makarani vijana katika ghala moja la korosho. Kila Ijumaa baada ya alasiri tulikwenda kwa mzee, tukampa shikamoo, tukakaa mezani. Hatukuchezea pesa. Adhana ya magharibi ikilia, karata zilifunikwa hapo hapo.

Nikueleze kidogo, maana ninyi mnajua karata za kwenye simu tu. Watu wanne hukaa wawili wawili, na mwenzako hukaa akikutazama. Kwanza kuna mnada: kila mmoja kwa zamu yake hutaja rangi anayotaka iwe turufu ya kushinda nyingine, iwe shupaza, kopa, uru au pau, na mikono mingapi, yaani mizunguko ya karata nne, anaahidi kuila kati ya kumi na mitatu. Kumkonyeza mwenzako ni marufuku. Dau lako ndilo ulimi wako. Akitaja shupaza nawe unazo, unamwinua. Ukimwinua kwa hatua moja umemwambia, "Ninazo, ila tusiende mbali." Ukiruka hatua umemwambia, "Ninazo nne, na karata zangu nzito, tupande." Wakisikilizana hivyo, wawili huweza kupanda hadi kuahidi mikono kumi na miwili, na wakiila yote, watu huisimulia wiki nzima.

Lakini kuna sharti. Aliyeitaja rangi kwanza ndiye anayecheza. Wewe uliyemwinua unalaza karata zako zote mezani, wazi, halafu unanyamaza mpaka mwisho.

Kwa namna bahati ilivyokuwa ikigawa, Hamisi alicheza na mimi nililaza. Watazamaji wa pale barazani hawakosi neno, wakanipa jina: Mtandika Mkeka. Hamisi anakaa, Yusufu anatandika. Nilicheka pamoja nao. Usiku nikilala nililirudia jina lile kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Muuza kahawa alimpa Hamisi kikombe kwanza. Wazee wakipita walimuuliza yeye habari za mchezo, na mimi nimekaa hapo hapo. Hakunifanyia ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu wivu hutafuta kosa, na usipoliona hulitengeneza.

Basi wakaja wageni wawili kutoka Mtwara, wachezaji hodari. Mkubwa wao alisema kwamba wakishindwa, atawachukua walioshinda waende Dar es Salaam kucheza na watu wa huko. Hamisi hakuwahi kufika Dar. Wiki ile nzima ghalani aliniuliza tutavaa nini.

Tulicheza sawa kwa sawa hadi mgao wa mwisho. Nikafungua karata zangu. Nilikuwa na shupaza nne, na ndani yake mzungu wa nne na mzungu wa pili, yaani mfalme na malkia. Kopa nilikuwa nazo tano, pamoja na ree, iliyo kubwa kuliko zote. Uru nilikuwa nayo moja tu. Karata kama zile hugawiwa mara chache.

Hamisi akataja shupaza.

Mwanangu, hakuna cha kufikiri hapo. Hata mwanafunzi angeruka hatua, na kutoka pale tungepanda hadi kumi na miwili. Lakini nikaiona sura ya baraza lote. Nikamwona Hamisi akicheza mgao ambao ungesimuliwa miaka, na mimi nimetandika mkeka nimenyamaza. Nikasema, "Kopa."

Hamisi akarudia shupaza, taratibu, akinitazama. Nikarudia kopa, kisha nikaipandisha mwenyewe hadi kuahidi mikono kumi. Akaelewa kama tulivyofundishwa: mwenzangu hana shupaza, angekuwa nazo angesema. "Napita," akasema, akalaza karata zake mbele yangu. Alizilaza vizuri, rangi kwa rangi, kama mtu anayemwandalia mgeni.

Kopa zilizobaki zilikuwa zimejaa kwa mgeni mmoja. Nikaanza kuanguka, na kila nilipotafuta pa kushika ilinibidi nitoe shupaza. Ikatoka ya kwanza. Ikatoka ya pili. Wa pili akaonekana, wa nne akaonekana. Hamisi alizitazama zikitoka mkononi mwangu, na sheria inamkataza aliyelaza karata kusema neno. Hesabu ilipofanywa, kumi sikufikisha. Wageni wakatushika mikono, wakaondoka na safari yetu.

Hamisi akaniambia kwa sauti ndogo, "Shupaza nne, Yusufu?"

Nikamjibu kwamba sikuziona vizuri.

"Ungeniambia tu kwamba unataka kucheza wewe," akasema. "Ningekutandikia."

Mzee Athumani alikuwa anakusanya karata. Hakuniinulia macho. "Umesema kopa, na kweli umekopa," akasema. "Kukopa harusi, kulipa matanga."

Ijumaa iliyofuata Hamisi alikaa mbele ya Saidi fundi cherehani. Saidi alikuwa mzito wa kuhesabu, karata zikimdondoka ovyo, lakini mwenzake akitaja rangi alimwinua, basi. Nikangoja wagombane. Walicheza pamoja mpaka nywele zikawa nyeupe. Nami nilikuwa nikipita njia ya mbali nisilione baraza lile, kisha nasimama pembeni nisikilize nani anacheka.

Hamisi alipofariki, habari nilizisikia kwenye kipaza sauti cha msikiti, kama mpita njia. Nilipofika msibani, Saidi alikuwa anatandika mikeka uani, watu wakimpa pole kama ndugu wa damu. Nikashika ncha ya mkeka nimsaidie. Kijana mmoja wa nyumba ile akaniondolea kwa adabu, akaniambia, "Kaa tu, mzee, wewe mgeni wetu." Na pale, mbele ya msiba, uzee wote huu, nilimwonea wivu mtu anayetandika mikeka.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulikuja kwangu umenuna. Mwenzako mliyelima naye ufuta tangu mwanzo anapendekezwa kuwa mwenyekiti wa kikundi, nawe ukaniambia siku ya kikao utanyamaza, watu waone kwamba bila wewe yeye si kitu. Mwanangu, unazo shupaza nne. Mwinue, na usimwinue kwa hatua moja ya kinyongo, ruka, kila mtu asikie. Kama unakitaka kiti wewe, mwambie usoni kabla ya kikao, huenda akakupa. Ila usikae kimya na karata nzuri mkononi, maana mchezo ukiendelea zitatoka moja moja mbele ya watu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na chema kilichofichwa kwa wivu hakimfai hata aliyekificha.

Mungu akuhifadhi, akujaalie mwenzi wa kukaa mbele yako mpaka uzeeni, na akupe moyo wa kumtandikia. Mimi alinipa Hamisi. Nilimpoteza siku niliyosema kopa, na sikupata mwingine.